Je, wajua kwa nini spika kubwa ya studio inaweza kukuficha besi?

Anayeanza kurekodi nyumbani akitafuta spika za studio, zile ziitwazo monita, swali lake la kwanza huwa la ukubwa: wufa, ile spika ya ndani inayotoa besi, iwe ya inchi 5 au inchi 8? Jibu huonekana liko wazi. Kubwa ndiyo yenye besi, basi mwenye uwezo achukue kubwa. Mimi nililiamini jibu hilo kiasi cha kulilipia.

Nilizifunga monita za inchi 8 kwenye chumba cha urefu wa mita 3, nikaweka kiti katikati kabisa, kwa kuwa katikati palionekana pa haki. Besi ikatoka nyembamba. Nikaiongeza kwenye miksi, yaani mchanganyiko wa sauti za wimbo niliokuwa nikirekodi. Bado. Nikabadili kebo, nikaongeza tena. Siku nilipoucheza wimbo huo kwenye gari la rafiki yangu, kioo cha kutazamia nyuma kilitetemeka hadi magari yakaonekana mawilimawili, naye akaniuliza kwa upole kama spika zake zimepasuka. Besi ilikuwapo tangu mwanzo, tele. Isipokuwa pale nilipokaa.

Chukua beseni refu la mstatili, litie maji nusu, ulisukume mbele na nyuma. Ukishaipata kasi yake, maji hupanda ukingo huu huku yakishuka kule, kisha yanageuka. Sasa tazama katikati. Kimo cha maji hapo karibu hakibadiliki. Maji yanapita hapo mbio, kwenda na kurudi, lakini hayapandi wala hayashuki. Hewa ya chumbani hufanya vivyo hivyo, ila badala ya kimo weka shinikizo. Kwenye kuta mbili zinazotazamana shinikizo hupanda na kushuka kwa nguvu, katikati hutulia. Na sikio, kwa bahati mbaya, husikia shinikizo. Likikaa katikati ya beseni, halina cha kusikia.

Beseni pia lina kasi yake moja linayoipenda. Aliyewahi kubeba maji anaijua: hatua zikilingana na kasi hiyo, maji yanamwagika miguuni, akibadili mwendo, yanatulia. Kasi ya chumba unaweza kuipigia hesabu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20. Gawanya hiyo kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili. Kwa mita 3 unapata takriban hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Waya wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, ni hezi 55. Ndiyo noti iliyokuwa ikinitoroka, wakati jirani zake za juu zilisikika bila taabu.

Kinachonifurahisha zaidi ni kinachofuata. Ukizidisha hizo 57 mara mbili, kwenye hezi 114, maji hupanda na kushuka mahali patatu: kingo zote mbili na katikati. Kwa hiyo kiti changu cha haki kilikuwa kikinipunja besi ya chini huku kikinizidishia ile ya juu yake, nami nikirekebisha vyote viwili kwa bidii, upande usiofaa.

Hesabu hii ni ya urefu tu. Upana una kasi yake, kimo cha dari kina yake, na kuta halisi si ngumu kama za kwenye daftari. Milango, madirisha na kabati huyumbisha namba. Vipimo vikilingana, kama chumba cha mraba, kasi zinaangukiana na tatizo linakuwa zito zaidi. Tena, upande wa upana huna pa kukimbilia: ili kushoto na kulia visikike sawasawa ni lazima ukae katikati ya upana, na hapo kuna shimo lake.

Basi turudi kwenye inchi. Wufa kubwa kwa kawaida hushuka chini zaidi, maana yake inalisukuma beseni kwa nguvu zaidi palepale linapopenda kumwaga. Wufa ya inchi 5 mara nyingi huanza kufifia karibu na hezi 50. Haitibu chumba, inakichokoza kidogo tu. Kwenye chumba kidogo ningechagua hiyo, na besi ya chini kabisa ningeihakiki kwa hedifoni, ambazo hazijui chumba kina urefu gani.

Trei za mayai ukutani? Kwa besi, hapana. Sponji nyembamba nayo hupunguza mwangwi wa sauti za juu tu. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita 6, na sentimita chache za sponji ni kama kuzuia mafuriko kwa kanga.

Wapo wanaotaja Yamaha NS-10 kama ushahidi kwamba chapa ndiyo kila kitu. Ilitoka mwaka 1978 kama spika ya sebuleni, haikufanikiwa huko, kisha ikatapakaa studio nyingi hadi utengenezaji wake ulipokoma 2001. Ilikuwa na besi haba, na baadhi ya mafundi walibandika karatasi laini ya chooni kwenye twita, spika ndogo ya sauti za juu, ili kupunguza ukali. Sababu za umaarufu wake bado zinabishaniwa. Walau linalojulikana ni kwamba wengi waliizoea na kujua inakosa nini.

Kuhusu kuzipanga: wewe na monita mbili mfanye pembetatu ya pande sawa, ya kama mita 1, twita zikiwa usawa wa masikio. Monita ikikaa mita 1 mbele ya ukuta, sauti inayorudi kutoka ukutani huifuta ile ya mbele karibu na hezi 86. Ikisogea hadi sentimita 40, shimo hilo hupanda hadi 214 hivi, lakini besi inavimba. Swichi ya nyuma ya kupunguza besi iliwekwa kwa ajili hiyo. Kiti wengi hukianzia kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba, kutoka ukuta wa mbele. Ni makadirio, si sheria.

Kabla ya kununua chochote kipya, cheza mlio mfululizo wa ile hezi uliyopiga hesabu, sauti ya wastani, kisha tembea taratibu kutoka ukuta hadi ukuta. Mimi ulinizimikia hatua mbili tu kutoka mlangoni, na nilipoangalia chini niliona alama nne za miguu ya kiti changu kwenye zulia.