Mwizi wa Utambulisho Hahitaji Tena Pochi Yako

Mwaka 1938 kampuni moja ya kutengeneza pochi mjini Lockport, jimbo la New York, ilitia ndani ya pochi zake kadi ya mfano ya hifadhi ya jamii, ili mnunuzi aone jinsi kadi inavyoingia. Namba iliyochapwa humo ilikuwa halisi, ya katibu muhtasi wa hapo hapo. Kufikia mwaka 1943 watu 5,755 walikuwa wakiitumia kana kwamba ni yao. Haukuwa wizi wa kupangwa, lakini udhaifu ulikuwa tayari umejianika: namba iliyotungwa kwa ajili ya kuweka hesabu za michango ikishageuzwa kuwa ushahidi wa mtu mwenyewe, kila anayeijua anaweza kujifanya mtu huyo.

Kwa miongo mingi wezi waliupata ushahidi huo kwa mikono yao. Walichopoa pochi, wakaiba barua za benki, wakapekua majalala wakitafuta risiti na fomu. Mwizi mmoja, mwathirika mmoja. Na mwathirika mwenyewe hakutambuliwa sana, kwa kuwa aliyehesabiwa kuibiwa ilikuwa benki. Marekani ilipotunga sheria maalumu mwaka 1998, mwenye jina naye akatambuliwa kuwa ametendewa kosa.

Kisha intaneti ikaondoa ulazima wa kukufikia wewe. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwenye kumbukumbu za Equifax, kampuni inayokusanya taarifa za mikopo, wakachukua taarifa za watu wapatao milioni 147: majina, tarehe za kuzaliwa, namba za hifadhi ya jamii. Watu hao hawakubofya kiungo chochote wala kupoteza kadi. Ndiyo maana inanikera kusikia mwathirika akiulizwa kwanza alizembea wapi. Nenosiri likivuja unalibadilisha. Tarehe ya kuzaliwa utaibadilisha vipi?

Wizi unaonitia hofu zaidi ni ule usio na mwathirika anayelalamika. Tapeli huchukua namba halisi ya hifadhi ya jamii, mara nyingi ya mtoto, akaiunganisha na jina la kubuni na anwani yake mwenyewe. Mtu huyo asiyekuwepo hukopa kidogo, hulipa vizuri, huaminiwa, kisha hukopa kikubwa na kutoweka. Mtoto hugundua miaka mingi baadaye, siku anapoomba mkopo wake wa kwanza.

Simu nayo imekuwa shabaha. Tapeli akimshawishi wakala ampe laini mpya yenye namba yako, simu yako hukosa mtandao, na misimbo ya benki ya kuthibitisha miamala huanza kuingia kwake. Sasa hata sura na sauti zinaigwa. Mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walieleza jinsi mfanyakazi alivyotuma takribani dola milioni 200 za Hong Kong baada ya mkutano wa video ambao washiriki wengine wote walikuwa wameigizwa kwa akili bandia.

Kwa hiyo kuficha taarifa peke yake hakutoshi, nyingi zimeshatoka. Jambo la kufanya ni kuzinyima kazi. Penye huduma ya kuzuia taarifa zako za mikopo zisifunguliwe, zizuie, na uzifungue pale tu unapokopa. Tumia programu ya uthibitishaji, inayotengeneza misimbo ndani ya simu yenyewe, badala ya misimbo ya ujumbe mfupi. Anayekupigia akijitambulisha kwa kukutajia namba yako ya kitambulisho hajathibitisha lolote: kata simu, kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako ya benki.

Laini ikizima ghafla pasipo sababu, usisubiri asubuhi. Tafuta simu nyingine, mwambie mtoa huduma aifunge laini hiyo, na benki izuie akaunti. Kisha nenda polisi, na uhifadhi namba ya taarifa utakayopewa, kwani wanaokudai deni usilolikopa wataiulizia.