Je, wajua kwa nini kijana anayeijua hatari bado huifuata?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja: hajui. Kijana anapopanda pikipiki bila kofia ngumu, nilidhani ama hajaambiwa vya kutosha, ama ameambiwa akaona kifo ni cha watu wengine. Kwa hiyo dawa yangu ilikuwa maneno, na maneno nilikuwa nayo mengi.

Kisha mpwa wangu wa miaka 15 alichukua pikipiki ya baba yake, akabeba mishikaki, wenzake wawili nyuma, wakaishia mtaroni. Nilikwenda kumwona, mkono umefungwa bandeji. Nikamwuliza kama hakujua kwamba wangeweza kufa. "Nilijua, mjomba," akasema. "Hata wakati nawasha nilijua." Niliona ananijibu jeuri. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananieleza jambo lilivyo.

Kosa langu ni kosa la watu wengi, kwa hiyo tukae nalo kidogo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Valerie Reyna na Frank Farley walipitia tafiti nyingi kuhusu vijana na maamuzi ya hatari. Picha waliyoikuta ni kinyume cha niliyoibeba mimi: kijana hajioni kuwa salama zaidi ya mtu mzima anavyojiona. Mara nyingi hata hukadiria hatari kuwa kubwa kuliko ilivyo. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea hotuba kuhusu ajali, unamjazia pipa ambalo tayari limejaa.

Akili nayo si haba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima watu zaidi ya 5,000 wa umri wa miaka 10 hadi 30 katika nchi 11, Kenya ikiwemo, mjini Kisumu. Katika mambo kama kukumbuka tarakimu na kutaja maneno kwa haraka, kijana wa miaka 16 hivi alikaribiana na mtu mzima. Kujizuia, kufikiria ya kesho na kuacha kutafuta msisimko ndivyo vilivyochelewa, na kuendelea kukomaa hata baada ya miaka 18. Yaani vitu viwili tunavyoviita kwa jina moja, "akili", haviivi pamoja.

Sasa kinachotokea barabarani ni nini? Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg, wa Chuo Kikuu cha Temple kule Philadelphia, waliwachezesha watu 306 mchezo wa gari kwenye kompyuta. Taa inageuka njano. Ukiendelea unapata alama zaidi, ila wakati wowote unaweza kugonga. Vijana wa miaka 13 hadi 16 wakicheza peke yao hawakutofautiana sana na watu wazima. Walipokaa na wenzao wawili, walijihatarisha karibu mara mbili. Watu wazima walikuwa vilevile, wawe na rafiki au wasiwe naye.

Mimi huuona utaratibu huu kama maziwa jikoni. Umebandika sufuria kwenye jiko la mkaa na umekaa kuyalinda. Mkaa ukiwaka polepole unayaona yanaanza kupanda, unachukua kitambaa, unaepua. Unajua vizuri kabisa kwamba maziwa hufurika. Sasa aje mtu apepee jiko kwa nguvu. Ujuzi wako haujapungua na mkono wako haujazidi kuwa mzito, lakini moto umekolea ghafla na maziwa yameshamwagika kabla hujanyanyuka. Moto huo ni sehemu ya ndani ya ubongo inayoitikia zawadi na sifa, ambayo huchangamka sana baada ya kubalehe. Anayeepua ni sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambayo mawasiliano yake na sehemu nyingine yanaendelea kuimarika kwa miaka. Wenzake kijana ndio upepo. Mwaka 2011 kundi hilohilo la Temple lilirudia mchezo wa aina hiyo washiriki wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, na marafiki wakiwatazama kutoka chumba kingine. Kwa vijana, sehemu ya zawadi iliwaka zaidi walipojua wanatazamwa.

Hapa lazima niseme kwa tahadhari. Walioingia kwenye mashine hiyo walikuwa watu 40 tu, na mchezo wa kompyuta si barabara ya vumbi yenye bodaboda. Wala haifuati kwamba kijana hawajibiki hadi afike miaka 25, kama tunavyosikia siku hizi. Hakuna siku ya kuzaliwa ambapo ubongo hufunga kazi. Na nisisitize: mpwa wangu alikosa, na alistahili kuulizwa.

Methali ya samaki mkunje angali mbichi nayo niliitumia vibaya. Nilimwona wa miaka 15 kama ng'onda, kashakauka. Kumbe ubongo wake ndio kwanza unapunguza miunganiko isiyotumika na kuimarisha inayotumika. Anachokifanya kila siku kina uzito kuliko anachoambiwa. Kuepua hujifunzwa jikoni, kwa moto mdogo kwanza.

New Zealand iliifanya hiyo kuwa sheria mwaka 1987. Dereva mpya hupewa leseni kwa hatua. Katika hatua ya kati anaendesha peke yake, lakini usiku, kati ya saa 4 na saa 11 alfajiri, haruhusiwi kuendesha bila msimamizi, na kwa kawaida hawezi kubeba wenzake. Sheria haikusubiri akomae. Ilimpa usukani, ikaondoa upepo.

Shemeji yangu, bila kusoma lolote kati ya haya, alifanya kitu kinachofanana nayo. Alimkabidhi mwanawe utunzaji wa pikipiki: mafuta, mnyororo, upepo wa matairi, na daftari la gharama. Kukiharibika kitu kwa uzembe, kinatengenezwa kwa fedha ya kijana. Umri wa leseni ulipofika na akaipata, sharti lilikuwa moja: miezi sita ya kwanza hapakii mtu.

Mwezi wa nne rafiki yake alimsimamisha njiani, wengine wakitazama. Nilimwuliza ilikuwaje. "Sikutaka kumpakia, mjomba, lakini kwa kauli yangu mwenyewe nisingeweza kumkatalia mbele za watu," akasema. "Nikamwambia mzee kakataza."