“CPU imekufa, Wi-Fi imekata”: maneno ya kompyuta tunayoyachanganya

Mteja akifika dukani mjini Mwanza na kusema “CPU imekufa”, fundi makini atamuuliza maswali matatu zaidi. Asiye makini atataja bei. Kwa hiyo ni vizuri kujua unachokitaja.

Dhana: Boksi la chini ya meza ndilo CPU.

Hilo ni kasha tu. CPU, yaani prosesa, ni kipande bapa chenye upana wa sentimita 4 hivi, kimekaa juu ya mazabodi (ubao mkuu wa ndani) chini ya feni. Hufa kwa nadra. Boksi lisipowaka kabisa, anza na waya wa umeme na swichi ya nyuma, kisha pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi), ambayo ndiyo hupokea kipigo cha kwanza umeme unapopanda na kushuka. Feni ikizunguka lakini skrini ikabaki nyeusi, mara nyingi RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imelegea. Chomoa umeme, itoe, safisha meno yake kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka isikike “tak”.

Dhana: Kufuta picha kunaongeza RAM.

Kunaongeza nafasi kwenye diski, basi. Fikiria muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba: RAM ni meza yake, diski ni ghala. Meza ikijaa, ghala kubwa halimsaidii kuhudumia haraka. Anabaki kukimbia huku na huko. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 na kurasa ishirini zimefunguliwa hufanya hivyohivyo: inahamishia kazi kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni ya polepole mno. Ongeza RAM au weka SSD, yaani diski isiyozunguka.

Dhana: Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja.

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Wi-Fi ni mawimbi kati ya simu yako na rauta, basi. Intaneti huingia kwa nyuma ya rauta, kwa faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga) au kwa laini ya simu. Ndiyo maana simu huonyesha Wi-Fi imejaa na hakuna kinachofunguka.

Jipime hivi. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye stika ya rauta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. (Usiogope ukiikuta hiyohiyo kwa jirani, ni ya ndani ya nyumba tu, haitoki nje.) Ukurasa wa rauta ukifunguka, Wi-Fi yako ni nzima: angalia kama bando limeisha. Kama ni faiba, tazama taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa, na kuzima na kuwasha siku nzima hakutasaidia. Huenda waya umekunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati; ndani ni kioo, huvunjika. Piga simu kwa mtoa huduma.

Ukurasa usipofunguka, tatizo liko ndani. Hapo ndipo zima rauta, hesabu sekunde 30, washa.

Dhana: Rauta ya bei kubwa hupenya popote.

Mwambie hivyo mtu wa Igogo au Mabatini hapa Mwanza, ambako nyumba zimekaa juu ya mawe na jabali limeingia hadi uani. Jiwe halipishi mawimbi kama pazia. Rauta nyingi zina mawimbi ya aina mbili: GHz 5 ina kasi zaidi lakini hufa mapema ukutani, GHz 2.4 hufika mbali, ila majirani wote wako humo. Kwenye GHz 2.4, ndani ya ukurasa wa rauta, chagua chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Weka rauta juu na mahali pa wazi, si ndani ya kabati la televisheni. Ukinunua kirudia mawimbi, usikiweke kwenye chumba kisichoshika kabisa, maana kitarudia nini? Kiweke katikati ya njia, pale ambapo bado panashika vizuri.

Dhana: Mbps 20 ni MB 20 kwa sekunde.

Mbps ndiyo kasi ya intaneti unayouziwa. “b” ndogo ni biti, “B” kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya kwa 8: unapata MB 2.5 kwa sekunde. Faili la MB 600 litachukua dakika 4, tena kama hakuna mtoto anayeangalia video chumba cha pili.