Aliyeanza kwa kukata miche ya sabuni

Dukani hapa Bwera, magharibi mwa Uganda mpakani na Kongo, mche wa sabuni bado unauzwa kwa kisu. Mtoto ametumwa kipande cha shilingi 500, mwenye duka anaushika mche, anaupima kwa jicho, anakata. Mizani haipo. Kipande cha juzi na cha leo havilingani, na mama akikipokea anakigeuzageuza kiganjani kwanza kabla ya kukitia kwenye beseni. Nimepika sabuni miaka kumi na tisa, mwanzo katika kiwanda kimoja kule Kampala, sasa nafundisha vikundi vya akina mama hapa mpakani. Kila nikikiona kisu kile namkumbuka kijana wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza, ambaye mwaka 1867, akiwa na miaka 16, aliwekwa na baba yake dukani kufanya kazi hiyohiyo: kukata miche mirefu ya sabuni na kufunga vipande kwenye karatasi.

Kijana huyo ni William Hesketh Lever. Kampuni aliyokuja kuianzisha na ndugu yake James ndiyo iliyozaa Unilever, ile ya Omo, Geisha na Vaseline tunazoziona kwenye kila rafu kutoka Arua hadi Kisoro. Wanafunzi wangu wakisikia habari zake huniuliza siri yake ilikuwa nini, wakidhani nitawatajia manukato fulani. Nawaambia habari ya kampuni ile muitafute kwenye mafuta: ni mafuta gani, yametoka wapi, nani aliyachuma, na alilipwa nini.

Tuanze dukani kwa baba yake. Sabuni ya Uingereza wakati ule haikuwa na jina. Kodi ya sabuni ilikuwa imefutwa mwaka 1853, bei ikashuka, na miji ya viwanda ilijaa masizi ya makaa ya mawe, kwa hiyo wanunuzi walikuwa tele. Miche ilitoka kiwandani mitupu, duka likaikata na kuipima kwa ratili, na mnunuzi hakujua kilichomo. Sabuni ya wiki hii ingeweza kuwa nzuri, ya wiki ijayo ikawa na maji mengi au imejazwa vitu vya kuongeza uzito. Mwaka 1884 Lever alisajili jina Sunlight. Hapo hakuwa hata na kiwanda! Alinunua sabuni kwa wapishi wengine, akaikatisha vipande vinavyolingana, akavivisha karatasi yenye jina.

Jina lilivuma, lakini baada ya muda wateja wakaanza kulalamika kwamba sabuni ikikaa inanuka. Ilikuwa imechacha. Mtu akiuza kitu kisicho na jina, kikichacha hakuna wa kumlaumu. Akiuza chenye jina, lawama inajua njia ya kurudi. Nadhani hapo ndipo Lever alipotambua kwamba huwezi kulimiliki jina huku sufuria ni ya mwingine. Mwaka 1885 ndugu hao wawili walikodi kiwanda cha sabuni mjini Warrington, na mkemia William Hough Watson akawa nao katika kutengeneza mchanganyiko mpya.

Mchanganyiko wenyewe unajulikana, na mimi huuandika ubaoni siku ya kwanza ya mafunzo: mafuta ya mbata (nazi iliyokaushwa) au ya mise asilimia 41.9, shahamu ya ng'ombe asilimia 24.8, mafuta ya mbegu za pamba asilimia 23.8, na ulimbo wa msonobari asilimia 9.5. Kwa wasiolijua neno mise, ni ile kokwa ngumu iliyo ndani ya tunda la mchikichi. Nyama ya nje ya tunda hutoa mawese mekundu, kokwa hutoa mafuta tofauti kabisa, yanayofanana zaidi na ya nazi.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndiyo kazi yangu. Sabuni hutokea mafuta yanapokutana na kostiki soda: mafuta huvunjika, sehemu moja inakuwa sabuni, nyingine inakuwa gliserini. Tabia ya sabuni hutegemea urefu wa minyororo ya kaboni iliyokuwa kwenye mafuta. Shahamu na mawese vina minyororo mirefu, ya kaboni 16 na 18. Sabuni yake ni ngumu, inadumu, lakini povu lake ni la uvivu, hasa kwenye maji baridi. Nazi na mise vina asidi ya lauriki kwa wingi, kaboni 12 tu. Sabuni yake huyeyuka haraka na kutoa povu jingi hata kwa maji ya kisimani. Wapishi wengi wa wakati ule waliegemea shahamu. Lever aliweka karibu nusu ya sufuria mafuta ya lauriki, na mama wa Bolton aliyefua kwa maji baridi aliona tofauti mikononi mwake siku hiyohiyo.

Lakini povu hilo lina gharama. Sabuni yenye lauriki nyingi hunywa maji na kulainika upesi, na gliserini ikibaki ndani huvuta unyevu wa hewa, mche ukatoa jasho. Lever aliifunga Sunlight kwa karatasi nzito isiyopenyeza mafuta, na hiyo haikuwa mapambo. Mimi nililijua hilo kwa hasara. Miaka minne iliyopita, msimu wa mvua, kikundi chetu kilipika miche 240 kwa mafuta ya mise yaliyovushwa kutoka Kongo. Tuliipanga mitupu kwenye rafu za mbao. Wiki ya pili ilikuwa na matone kama shingo ya mtu aliyepanda mlima. Wiki ya sita madoa ya rangi ya chungwa yakatokea, kwanza kwenye pembe, na chumba kikanuka mafuta ya kukaangia yaliyolala. Mafuta yalikuwa yamekaa sana njiani, soda tuliyopima haikuyamaliza yote, na yale yaliyobaki huru yakachacha yalipokutana na hewa. Miche 240, na mama mmoja kati yetu alikuwa ameweka humo karo ya mwanawe. Tangu siku hiyo napima kila pipa la mafuta kabla ya kuwasha moto, na miche inavaa karatasi mara ikikauka.

Mauzo ya Sunlight yalipaa kwa namna isiyo ya kawaida. Kiwanda kilichoanza na tani 20 kwa wiki kilifikia tani 450 kwa wiki mwaka 1888. Mwaka huohuo wakaanza kujenga kiwanda kipya ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, pamoja na kijiji cha wafanyakazi, Port Sunlight, chenye bustani na nyumba ambazo ziliendelea kuongezeka mpaka zikafika mamia. Lifebuoy ikaja 1894, Lux ikafuata mwishoni mwa karne, Vim 1904. Kwenye pakiti ya Sunlight Lever aliandika ahadi ya paundi 1,000 kwa atakayethibitisha kwamba ina uchafu wowote wa kughushi. Mpishi yeyote atakwambia ahadi ya aina hiyo huiandiki kama hukijui kilicho ndani ya sufuria yako.

Mwaka 1906 ndio nisiouruka kamwe darasani, kwa sababu unarudi kwenye kisu cha dukani. Bei ya mafuta ilipanda. Lever akaacha bei ya kipande ilivyo, akapunguza uzito: kutoka aunsi 16, yaani ratili kamili, hadi aunsi 15. Wakati huohuo alikuwa akipanga muungano na watengenezaji wengine wakubwa wa sabuni. Magazeti, gazeti la Daily Mail likiongoza, yakamshambulia kwamba anawaibia maskini kupitia aunsi moja. Mauzo yakaanguka, muungano ukavunjwa. Lever alishtaki, na mwaka 1907 Daily Mail ikakubali kumlipa paundi 50,000, fedha nyingi mno kwa siku zile. Kisheria alishinda. Lakini mimi nikiwa mpishi na mnunuzi pia naona watu walikuwa na haki ya kukasirika. Alikuwa amewafundisha miaka ishirini kuuamini uzito wa kipande chake bila kukipima, kisha akaugusa uzito huohuo.

Funzo alilolichukua yeye lilikuwa jingine: atafute mafuta yake mwenyewe, asitegemee soko. Alitaka mashamba katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi, serikali ikakataa kumpa ardhi kwa masharti aliyoyataka. Wabelgiji wakamkubalia. Tarehe 14 Aprili 1911 alitia sahihi mkataba uliompa haki katika maeneo matano ya Kongo, kila moja duara lenye nusu kipenyo ya kilomita 60, kampuni ikaitwa Huileries du Congo Belge. Penye makutano ya mito Kwilu na Kwenge pakajengwa mji wa kinu, ukaitwa kwa jina lake, Leverville. Leo panaitwa Lusanga.

Mkataba ulitaka kampuni ijenge hospitali na shule, na zilijengwa. Lakini michikichi ile haikuwa pori lisilo na wenyewe. Ilikuwa ya vijiji, vilivyokula mawese yake vizazi na vizazi, na sasa matunda yalipaswa kwenda kwenye kinu kimoja kwa bei inayopangwa na mnunuzi mmoja. Wanaume waliandikishwa kwa nguvu ya dola na ya machifu, wakakwea michikichi mirefu kwa mshipi wa kamba, wakaishi kambini mbali na kwao. Bei ya mafuta duniani ilipoporomoka, malipo ya matunda yakashushwa huku kodi ikidaiwa palepale. Mwaka 1931 Wapende, kabila la huko Kwilu, waliasi. Ofisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa, na jeshi la kikoloni likaua Wapende kwa mamia. Lever hakuwepo tena, alikufa Mei 1925. Kijiji chake cha bustani kule Uingereza na kambi za Kwilu vililipwa na sufuria moja. Nimewahi kuambiwa niache sehemu hii kwa kuwa mafunzo ni ya biashara. Sijaiacha. Wengi wa wanafunzi wangu wana ndugu upande wa Kongo, ng'ambo ya pili ya mto wetu wa mpakani, na mawese tunayopikia yamevuka daraja la hapo, la Mpondwe.

Muungano wenyewe uliozaa jina Unilever ulikubaliwa Septemba 1929 na kuanza Januari 1930, kati ya Lever Brothers na Margarine Unie ya Waholanzi. Watu hushangaa sabuni na siagi ya mkate vinahusianaje. Vinahusiana kwenye pipa: wote wawili walikuwa wakigombea mafuta yaleyale, na kila mmoja akimpandishia mwenzake bei. Ndiyo maana sisi watoto wa Afrika Mashariki tulikua tukipaka Blue Band asubuhi na kufua kwa Omo jioni bila kujua ni nyumba moja. Blue Band na ndugu zake waliuzwa 2018, sabuni ikabaki.

Uganda iliingia kwenye hesabu hii kwa mlango wa pamba. Mwaka 1903 Borup wa Uganda Company alileta mbegu, na nyuzi zikasafirishwa kwenda kwenye viwanda vya Uingereza. Kila penye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, pana mbegu, na kwenye mbegu pana mafuta. Hapa Kasese pamba bado inalimwa, chama cha ushirika cha Nyakatonzi kinajulikana na kila mkulima wa bondeni. Hebu utazame tena ule ubao wangu: mise ng'ambo ya daraja, mbegu za pamba bondeni, shahamu kwenye machinjio. Ulimbo tu ndio tunaununua mbali. Vifaa vya Sunlight ya 1885 karibu vyote vipo ndani ya mwendo wa bodaboda mmoja.

Wakubwa wetu nao wanajua vita ni vya mafuta. Kampuni ya Mukwano, jina ambalo kwa Kiganda ni rafiki, hukamua alizeti na kupika sabuni pia. Kisiwani Bugala, Kalangala, michikichi ilipandwa kwenye miaka ya 2000 ili nchi ipunguze kuagiza mafuta kutoka Malaysia na Indonesia. Wakulima wadogo walipata mnunuzi na fedha za kila mwezi, msitu nao ukapungua, na mabishano ya ardhi yakafika mahakamani. Nilipokwenda kule niliuliza jambo moja tu: mkulima akiona bei ya leo ni mbaya, ana kinu kingine cha kupeleka matunda yake?

Kikundi chetu sasa kina mizani. Mche unapotoka kwenye kalibu una gramu 1,000. Baada ya wiki sita kwenye rafu unakuwa na 880 hivi, maana maji yameondoka, na mnunuzi akiupima kwake atadhani tumemwibia. Tulibishana sana tuandike uzito upi kwenye karatasi. Mama aliyepoteza karo ndiye aliyekata shauri: tunaandika 880, na chini yake tarehe ya kumwaga. Mwenye duka alilalamika kwamba miche iliyovaa karatasi haikatiki vizuri kwa kisu. Tumemtengenezea vipande vidogo vya gramu 110, kila kimoja na karatasi yake, na mtoto aliyetumwa na shilingi 500 anapewa kile kilekile anachopewa jirani yake.