MBA au masta ya fani moja: tofauti yake hasa ni nini

"Shikamoo shangazi. Eti MBA na masta ya ugavi, ipi kubwa?"

Binti wa kaka yangu alinipigia akiwa stendi ya Makambako, anasubiri gari la kurudi Njombe, na sauti za wapiga debe zilikuwa zinamfunika. Nikaitikia marahaba, nikamwambia hakuna iliyo kubwa. Zote ni shahada za uzamili, ngazi moja, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inazitambua hivyo hivyo. Kinachozitenganisha ni aina ya swali ambalo kila moja inakufundisha kulijibu. Simu ikakatika kabla sijafika mbali. Naandika kwa kuwa najua si yeye peke yake anayeuliza, na kwa kuwa nimeona watu wakilipa ada ya miaka miwili kwa kozi ambayo hawakuwa wanaihitaji.

MBA ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani kilianza kuitoa mwaka 1908, wakati reli na viwanda vya huko vimeshakuwa vikubwa kiasi kwamba mwenye mali hawezi tena kuvisimamia kwa macho yake mwenyewe. Alitakiwa mtu wa kukaa katikati: mhasibu akizungumza amwelewe, mtu wa masoko akizungumza amwelewe, fundi wa mitambo naye amwelewe, kisha aamue. Ndiyo maana hadi leo mwanafunzi wa MBA anapita kila chumba cha nyumba. Anasoma uhasibu, fedha, masoko, rasilimali watu, uendeshaji, sheria ya biashara na mkakati. Hakai sana katika chumba chochote.

Masta ya fani moja, ambayo kwa kawaida huandikwa MSc, inakufungia ndani ya chumba kimoja mpaka ujue kila ufa wa ukuta wake. Inaweza kuwa fedha, uhasibu, masoko, au ununuzi na ugavi.

Nitatumia kazi ya binti yetu, maana nimeisikia mara nyingi mezani. Yuko kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi. Parachichi aina ya Hass halilainiki likiwa mtini. Linakomaa tu, na likishakatwa ndipo linaanza kuelekea kuiva. Kwa hiyo saa inaanza kuhesabu pale mkasi unapokata kikonyo. Linatakiwa liingie kwenye baridi mapema, kisha lisafiri wiki kadhaa ndani ya kontena lenye nyuzi kama 5 hivi. Sasa chukua kontena lililofika Ulaya matunda yakiwa yamelainika, na mnunuzi anataka apunguziwe bei.

Darasa la ugavi litaanza na karatasi. Mzigo ulikaa saa ngapi shambani kabla ya chumba cha baridi? Kinasa joto kilichofungwa ndani ya kontena kinaonyesha nini, na joto lilipanda siku gani? Mkataba ni wa FOB, ambapo muuzaji anaishia kupakia mzigo melini, au CIF, ambapo analipa pia nauli na bima hadi bandari ya mwisho? Hapo ndipo watu wengi huteleza. Wanadhani kwa CIF muuzaji anabeba hatari hadi bandari ya mwisho, kwa sababu ndiye aliyelipa nauli na bima. Sivyo. Hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini, sawa na FOB. Ukilijua hilo, mazungumzo na mnunuzi yanabadilika kabisa, na pengine mwenye kujibu ni kampuni ya meli au bima.

Darasa la MBA litalitazama kontena hilo hilo kwa mbali kidogo. Tuendelee na mnunuzi huyu au tutafute soko lingine? Zamu za wafungashaji zimepangwa vipi hata matunda yakalala nje? Fedha ya mzigo huu ikichelewa, mkopo wa benki tutaulipa na nini mwezi ujao? Na wakulima wa Rungwe wanaosubiri malipo yao tutawaambia nini, na nani aende kuwaambia? Hakuna swali hata moja kati ya hayo lenye jibu moja lililo sahihi. MBA inakuzoesha kuamua ukiwa na nusu ya taarifa.

Kuna mnyama wa tatu, na huyu ndiye anayechanganya watu kuliko wote: MBA yenye mchepuo, kama MBA ya fedha au MBA ya masoko. Jina linakufanya udhani ni sawa na MSc ya fedha. Fungua orodha ya masomo uhesabu. Mara nyingi mchepuo ni masomo matatu au manne tu, mengine yote ni yale yale ya MBA. Si kozi mbaya, lakini ukienda nayo kuomba kazi ya uchambuzi wa mikopo mikubwa, ukakaa mbele ya jopo pamoja na mtu wa MSc, swali la tatu tu litawatenganisha. Ninawasihi wanaonitaka ushauri: usisome jina la kozi, soma orodha ya masomo.

Jambo jingine linaloumiza watu ni kudhani masta ya fani ni leseni. Masta ya uhasibu haikufanyi CPA, yaani mhasibu mwenye cheti cha taaluma. Hiyo inatolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) kwa mitihani yake. Ununuzi na ugavi nao wana bodi yao, PSPTB, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, yenye mitihani na usajili wake. Kwa mtu wa fani hizo mbili ninasema bila kuficha: kama fedha inatosha kitu kimoja tu, anza na bodi. Masta itakusubiri.

Mimi nilisoma masta ya uhasibu na fedha, hapa hapa Mbeya, madarasa ya jioni baada ya kazi. Ilinifaa miaka sita mizima. Kisha nikakabidhiwa tawi lenye watu kumi na wanane. Wiki ya kwanza nilikagua vitabu usiku kucha, havikuwa na kosa hata moja. Lakini maafisa mikopo wawili walikuwa hawasemezani, na akina mama wa soko la Mwanjelwa waliokuwa wateja wetu walikuwa wanahamia kwa jirani mmoja mmoja, kwa sababu afisa aliyewajua alihamishiwa dawati jingine. Nilikaa na mizania ile mbele yangu nikatambua kwamba haina mstari wa kuniambia nifanye nini. Hapo ndipo nilipoielewa MBA, nikiwa na miaka thelathini na tisa. Nisingeielewa nikiwa na ishirini na tatu.

Ndiyo maana simshauri kijana aliyetoka kuvaa joho la shahada ya kwanza aende MBA moja kwa moja. Vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vinamtaka mwombaji wa MBA awe na uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa, na sababu yake ni ya msingi: darasa lile linaendeshwa kwa visa vya makampuni halisi, na asiyewahi kugombana na msambazaji au kukosa mshahara wa kulipa watu hana cha kuchangia. MSc haina shida hiyo. Unaweza kuingia ukiwa bado mbichi, mradi hesabu zako ni nzuri.

Kwa huku kwetu kuna la kuongeza. Biashara nyingi za nyanda za juu kusini ni ndogo au za kati: mashine za mpunga Mbarali, mbao za Mafinga, vyama vya kahawa Mbozi, SACCOS, shule binafsi, mawakala wa forodha Tunduma. Pale mtu mmoja anashika fedha, anaajiri, anajadili bei na kwenda TRA. Upeo mpana wa MBA unalipa sana hapo, hasa kwa aliyesomea kilimo, ualimu au uhandisi na sasa anaendesha kitu. Kazi za fedha zenye kina kirefu, za kusimamia uwekezaji au fedha za kigeni, nyingi ziko Dar es Salaam. Anayechagua MSc ya fedha ajiulize mapema kama yuko tayari kuhama. Ugavi ni tofauti, kwa sababu halmashauri, viwanda vya chai na wasafirishaji wa mazao wanauhitaji hapa hapa.

Kusoma si lazima kuhama. Mbeya kuna ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe, Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa. Kabla ya kujaza fomu, hakikisha kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na TCU. Na uliza kama kuna tasnifu, maana huko ndiko wengi hukwama baada ya kumaliza masomo ya darasani.

Jioni nilimpata tena, ameshafika Njombe.

"Mwanangu, miaka mitatu hii ya kiwandani, ukikosa usingizi huwa unawaza nini?"

"Kontena, shangazi." Hakusita hata kidogo.

"Si watu? Si mauzo?"

"Watu nimewazoea. Ni kontena."

Nikamwambia atafute orodha ya masomo ya kozi ya ugavi, aangalie kama lipo la mikataba ya kimataifa na la usafirishaji wa bidhaa zinazoharibika. Kama hayapo, asilipe hata shilingi ya fomu. Saa nne usiku akanitumia picha ya orodha hiyo. La mikataba lilikuwepo, amelizungushia kalamu nyekundu. La pili halikuwepo, na chini ya picha ameandika kwamba kesho atapiga simu chuo kingine.