Kabla ya kuwasha projekta, tafuta wanafunzi wanakwama wapi

Mwalimu akiniomba nimsaidie kuingiza teknolojia kwenye kipindi chake, simuulizi shule ina kompyuta ngapi. Namuuliza wanafunzi wake wanakwama wapi. Wengi hunitajia mada: "Umeme, mwalimu." Namwomba achimbe zaidi: ndani ya huo umeme, ni kipi hasa hakiwaingii? Akishakipata, kuchagua kifaa kunakuwa kazi ndogo.

Nafundisha Fizikia sekondari hapa Dar es Salaam, na mara kwa mara hukaa nyuma ya madarasa ya wenzangu, Mbagala, Tegeta na kwingineko, kufuatilia vipindi vyao. Projekta ikiwepo, mara nyingi inaonyesha aya ndefu za notsi, mwalimu anazisoma kwa sauti na wanafunzi wananakili. Mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Mayer, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba mchoro ukiambatana na maelezo ya mdomo, kuongeza maneno yaleyale kwa maandishi mara nyingi kunapunguza kujifunza. Wanafunzi wetu wanaosoma kwa Kiingereza wanahitaji kuona msamiati muhimu umeandikwa, hilo silipingi, lakini maneno manne matano yanatosha, na ubao unayabeba vizuri tu.

Mfano ninaoutumia sana ni wa mkondo wa umeme. Wanafunzi wengi wanaamini balbu inakula mkondo: unatoka kwenye betri, balbu ya kwanza inakula kiasi, mabaki yanakwenda kwa balbu ya pili. Wazo hili lina msingi wake. Nyumbani tunanunua uniti za LUKU na tunaziona zikiisha, kwa hiyo mtoto ana kila sababu ya kuamini kwamba umeme unaliwa. Kinachotumika ni nishati. Mkondo wenyewe, yaani mwendo wa chaji kwenye waya, unarudi kwenye betri ukiwa uleule. Fomula ya V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani) haimtoi mtu kwenye wazo hilo. Mwanafunzi anaweza kukokotoa akapata maksi zote na bado akaamini kwamba balbu ya kwanza imekula.

Kwa hiyo naanza na vitu vya kushika: betri, waya na balbu ndogo za tochi, zile unazozipata Kariakoo kwa bei ya chini. Hapo kuna mtego. Balbu za bei rahisi hazilingani hata zikitoka boksi moja. Ukizifunga mbili moja baada ya nyingine, moja inaweza kung'aa zaidi, na ikitokea ni ile iliyo karibu na ncha chanya ya betri, darasa zima litashangilia: "Si unaona, imekula mwanzo!" Zibadilishe nafasi. Ile iliyong'aa zaidi itaendelea kung'aa zaidi hata ikiwa ya pili, na minong'ono inaanza. Nawaacha wanong'one, kwa sababu hapo ndipo wanapofikiri.

Ndipo nawasha projekta, kwa kuwa sasa kimebaki kitu ambacho betri na balbu haziwezi kukionyesha: chaji zenyewe. Natumia programu ya sakiti ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Ni ya bure, unaipakua mara moja, kisha inafanya kazi bila intaneti. Elektroni zinaonekana kama vidoto vya buluu vinavyotembea kwenye waya. Mwanafunzi anakuja mbele, anaweka ammita, yaani kipima mkondo, kabla ya balbu ya kwanza, kisha katikati ya balbu, kisha baada ya balbu ya pili. Anasoma namba ileile mara tatu. Kazi ya projekta imekwisha, naizima. Umeme ukikatika, laptopu yenye chaji inazungushwa kundi hadi kundi na somo halikwami.

Lakini ukiniambia nichague teknolojia moja tu, nitaacha hata hiyo, nichukue inayoniambia wanafunzi wanafikiri nini. Darasa la watoto 70 ukiliuliza "Mmeelewa?" litajibu "Ndiyooo, mwalimu!" na hutajua lolote. Plickers, programu ya kukusanya majibu ya wanafunzi, inatumia simu ya mwalimu peke yake, jambo linalotufaa kwa sababu shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye umbo lake, unachapisha kwa wino mweusi tu. Anaigeuza ili herufi ya jibu lake, A, B, C au D, ikae juu. Unapitisha kamera ya simu darasani na majibu yote yanaingia. Herufi ni ndogo, jirani haoni umejibu nini, kwa hiyo mwanafunzi mwoga naye anajibu la moyoni. Seti kubwa ina kadi 63. Darasa likizidi hapo, wawili wa dawati moja wanatumia kadi moja.

Wakikosea wengi, sikimbilii kufundisha upya. Eric Mazur wa Harvard alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 utaratibu ambao bado sijaona unaoushinda: wanafunzi wanajibu kila mtu peke yake, na kama waliopatia wako kati ya asilimia 30 na 70 hivi, wanajadiliana na jirani, kisha wanajibu tena. Nawaruhusu wajadiliane kwa Kiswahili. Swali ni la Kiingereza, jibu litaandikwa kwa Kiingereza, ila mabishano ya kweli yanahitaji lugha ambayo ulimi hautafuti maneno.

Huna simujanja? Tumia vipande vya boksi vyenye herufi. Mwaka 2008 mtafiti Nathaniel Lasry wa Kanada alilinganisha wanafunzi waliojibu kwa vifaa vya kielektroniki na waliojibu kwa kadi za kawaida, na hakuona tofauti katika kujifunza kwao. Kifaa kinamrahisishia mwalimu kuhesabu na kutunza kumbukumbu. Kinachofundisha ni swali na mjadala. Peru iligawa laptopu kwa mamia ya maelfu ya watoto, na tathmini iliyotoka mwaka 2012 haikuona ushahidi kwamba alama za Hisabati na lugha zilipanda. Sishangai, kwa sababu sidhani kama kuna aliyeuliza kila laptopu itatatua ugumu gani wa mwanafunzi yupi.

Muda wako wa maandalizi, basi, uutumie kwenye swali, na hasa kwenye yale majibu matatu yasiyo sahihi. Usiyatunge kichwani. Fungua madaftari ya kidato kilichopita, tafuta makosa yaliyojirudia, uyaandike kwa maneno ya wanafunzi wenyewe. Kwa zile balbu mbili, nikiuliza ipi itang'aa zaidi kama zinalingana kabisa, jibu langu la B, mojawapo ya yasiyo sahihi, linasomeka hivi: "Ya kwanza, kwa sababu umeme unaifikia ukiwa bado mwingi."