Je, wajua kwa nini mguu wa cherehani ukichomelewa unakatika tena pembeni?

Mamangu ana cherehani ya kukanyaga, tulipokuwa tunahama hapa Chake ikadondoka kutoka kwenye gari ya ng'ombe, mguu mmoja ukakatika vipande viwili. Nikaupeleka kwa fundi wa mageti, akachomelea kwa umeme na vijiti vyake vya kawaida, mshono ukatoka mzuri kabisa, tukakaa kusubiri upoe, mara tukasikia "ta!" Ufa mpya, mwembamba kama unywele, tena si pale alipochoma, pembeni yake.

Nilimlaumu fundi, kumbe tatizo ni chuma chenyewe. Hiki ni chuma cha kasti, kile kinachoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, kina kaboni asilimia 2 mpaka 4 hivi, wakati chuma cha mageti mara nyingi hakifiki hata 0.3. Pitisha kidole pale kilipokatika, ni kijivu, chengachenga, na kidole kinatoka cheusi kama umeshika risasi ya penseli, na kweli ni kitu kilekile, grafaiti. Zile chembe zimelala ndani ya chuma kama nyufa ndogondogo, ndo maana hakivutiki wala hakipindi, kinakatika tu. Sasa ukikipiga moto sehemu moja, pale panatanuka huku kwengine kumepoa, pakianza kupoa panajivuta na chuma hakikubali kuvutwa, halafu ule ukingo wa mshono ukipoa haraka unakuwa mgumu mpaka tupa inateleza juu yake.

Kwa nyumbani mi naona bora uunge kwa shaba ya njano na gesi. Shaba hiyo ya njano inayeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, kasti inataka zaidi ya 1,100, kwa hiyo chuma hakiyeyuki, shaba inakishika tu. Sisi tulisaga mshono wote wa zamani kwa grenda tukachonga mfereji, tukachoma mafuta ya cherehani yaliyoingia ndani (yakibaki shaba haishiki kabisa), tukauweka mguu mzima juu ya makaa mpaka ukaanza wekundu wa mbali, tukatia boraksi (unga wa kusafisha chuma ili shaba ishike), ndo shaba ikatiririka. Fanyeni uwanjani jamani, ule moshi mweupe ni wa zinki iliyomo kwenye shaba ya njano, ukiuvuta, usiku unashikwa na homa.

Kama gesi hakuna, tafuta vijiti vya nikeli, choma sentimita 2 au 3 tu, gongagonga kwa nyundo mshono ungali moto, ngoja mpaka uweze kuugusa kwa mkono ndo uendelee.

Mguu wa cherehani ya mama tuliufukia kwenye ndoo ya jivu kavu baada ya magharibi ili upoe polepole, hatukuugusa mpaka asubuhi. Safari hii hapakuwa na "ta!", na mama keshaanza kushona.